Je, Wajua Kwa Nini Meli Hupelekwa Baharini Roketi Inaporushwa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba meli inayopelekwa baharini siku ya kurushwa roketi huwa na kazi ya kuifukuza, mpiga picha akiwa amesimama sitahani na lenzi ndefu kama mkono. Hesabu ya dakika moja ingenitoa ujingani. Chombo kinachotaka kuizunguka dunia kwa karibu hulazimika kufikia kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa, ilhali meli ya kazi iendayo maili 15 za baharini kwa saa hukata kilomita 28 tu. Meli haifukuzi chochote, hutangulia ikasubiri.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba roketi hupanda wima kama fataki, hivyo kamera za nchi kavu zingetosha. Kumbe huanza kulala mapema, na sehemu kubwa ya kasi yake ni ya kwenda mbele, si ya kwenda juu. Aliyebaki ufukweni huona mkia na moto vikififia, hadi mviringo wa dunia uviondoe machoni pake kama unavyoondoa jahazi, kwanza mwili na mwisho tanga. Ndiyo maana mwaka 1962, mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia, Wamarekani walikuwa na kituo cha mawasiliano Zanzibar na meli iitwayo Coastal Sentry katika Bahari ya Hindi. Hizo zilikuwa masikio. Macho yalikuja baadaye, na kwa sababu ya msiba.

Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 hivi baada ya Columbia, chombo cha Marekani cha kubeba wanaanga, kuruka kutoka Florida, kipande cha povu gumu la kuhami joto, chenye uzito wa takriban robo tatu ya kilo, kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Kamera moja ambayo ingeonyesha tukio hilo vizuri zaidi ilikuwa imerekebishwa vibaya, picha ikatoka na ukungu. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirejea duniani, na wote saba waliokuwemo wakafariki. Tume ya uchunguzi ilitaka chombo kionekane vizuri kutoka pande tatu angalau hadi roketi saidizi zinapoachana nacho, yaani dakika mbili za mwanzo, na ikashauri kwamba meli au ndege zifikiriwe.

NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa tayari na meli mbili, Liberty Star na Freedom Star, ambazo kazi yake ilikuwa kuziokota roketi hizo saidizi, zikiwa tupu, katika Atlantiki. Mpango mpya wa meli, hata hivyo, haukutegemea lenzi bali rada, ambayo hupenya mawingu.

Rada hutuma mawimbi na kupokea mwangwi wake. Honi ya basi linalokujia husikika nyembamba, na basi likishapita huwa nzito ghafla. Vivyo hivyo kitu kinachokaribia huyabana mawimbi ya rada, kinachokwenda mbali huyalegeza, na kiasi cha badiliko hilo hutoa kasi. Sasa mfikirie abiria wa basi hilo anayetupa dirishani ganda la karanga na kokwa la embe. Ganda hukamatwa na upepo na kubaki nyuma papo hapo, lakini kokwa huendelea kwenda na basi kwa muda. Mtu asiyeona rangi wala umbo, anayepima mwendo tu, angeweza kukisia kipi ni kipi, na ndivyo rada inavyokisia ni kipande cha aina gani kilichobanduka kwenye chombo. (Hapa pia ndipo penye jibu kwa anayeshangaa povu kuvunja bawa: povu lilipunguza mwendo ghafla, na bawa likalifikia kwa tofauti ya takriban kilomita 800 kwa saa.)

Rada moja haikutosha, kwa kuwa honi ya basi linalokatiza mbele yako haibadiliki sana. Kinachopimwa ni kukaribia na kutengana tu. Kwa hiyo ilipangwa meli ya pili ikae upande mwingine. Hata hivyo povu, ambalo kwa sehemu kubwa ni gesi, hurudisha mwangwi hafifu, na moto wa roketi nao huuvuruga, hivyo vipimo hivyo hupunguza idadi ya washukiwa bila kumtaja mhusika kwa hakika.

Tarehe 26 Julai 2005 Discovery, chombo cha aina ileile ya Columbia, iliruka ikiangaliwa kutoka nchi kavu, angani na baharini. Kipande kikubwa cha povu kilibanduka tena, safari hii bila kugonga chombo, na aliyekionyesha waziwazi kwa ulimwengu mzima alikuwa kamera ndogo iliyofungwa kwenye tangi lenyewe. Roketi saidizi zilianguka Atlantiki kama kawaida, zikingoja kuvutwa hadi nyumbani.