Probiotiki za kumeza na pumu ya ngozi kwa watoto: pesa yako iende wapi?

Nyumba yenye mtoto wa pumu ya ngozi haina usingizi. Mtoto anajikuna mpaka shuka linapata damu, anaamka, analia, anabembelezwa, na baada ya nusu saa anaanza tena. Kwa hiyo siwashangai wazazi wanaofika kliniki yetu ya ngozi wakiwa na kopo la poda au chupa ya matone ya probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, waliyoambiwa kwamba "itatengeneza tumbo na ngozi itapona yenyewe". Wanachotaka kujua ni kama waendelee kumpa mtoto.

Kama mtoto tayari anaumwa, ushauri wangu ni kwamba pesa hiyo inunue mafuta ya kupaka na krimu sahihi.

Wazo la probiotiki si la kitapeli. Bakteria wa utumboni hushiriki kuifundisha kinga ya mtoto mchanga kutofautisha adui na asiye adui. Mwaka 2001 watafiti wa Turku, Finland, walichapisha matokeo yaliyoamsha matumaini makubwa. Wajawazito kutoka familia zenye historia ya mzio walimeza bakteria aitwaye Lactobacillus GG kabla ya kujifungua, kisha dawa hiyo ikaendelea kwa miezi 6 baada ya kuzaliwa kwa mtoto. Watoto walipofika miaka 2, asilimia 23 ya kundi la probiotiki walikuwa na pumu ya ngozi, dhidi ya asilimia 46 ya kundi lililopewa vidonge visivyo na bakteria. Mwaka 2008 jaribio la namna hiyo likatoka Freiburg, Ujerumani, kwa bakteria huyohuyo: asilimia 28 kwa waliopewa probiotiki, 27.3 kwa wasiopewa. Tofauti hakuna.

Hayo yote yalihusu kuzuia ugonjwa kabla haujaanza. Matangazo mengi huchukua habari za kuzuia na kuzitumia kuuza dawa ya kutibu, na hapo ndipo mzazi anapopotezwa. Kuhusu kutibu, mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 39 yenye washiriki 2,599. Muwasho na kukosa usingizi, vikipimwa kwa alama 0 hadi 20, vilipungua kwa alama 0.44 tu zaidi kwa waliomeza probiotiki. Kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye alama 0 hadi 103, tofauti ilikuwa chini kidogo ya 4, wakati inakadiriwa kwamba zinahitajika karibu 9 ndipo mgonjwa aone mabadiliko ya maana.

Lakini jirani anasema mwanawe alipona! Namwamini kwamba aliona nafuu. Pumu ya ngozi hupanda na kushuka, na mzazi hukimbilia kununua dawa mpya siku hali ilipochafuka kabisa. Wiki mbili baadaye ingekuwa imetulia hata bila dawa hiyo, na sifa zinakwenda kwa kopo lililo mezani. Ndiyo sababu majaribio huwa na kundi linalopewa poda tupu.

Kuna na suala la aina. Huko Mwanza, tangu 2004, akina mama wamekuwa wakitengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, mradi mzuri wa lishe ulioanzishwa kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Kanada. Lactobacillus GG naye ni wa spishi hiyohiyo ya rhamnosus, lakini hawa wawili ni bakteria tofauti wenye kazi tofauti. Kopo lililoandikwa "Lactobacillus" bila kueleza zaidi halikuambii lina nini. Mtindi mpe mwanao kama chakula, mradi ameshaanza kula na hana mzio wa maziwa. Mtoto njiti, au mwenye kinga dhaifu sana, asipewe probiotiki bila daktari wake kujua, kwa sababu imewahi kutokea, ingawa ni nadra, bakteria hao wakaingia kwenye damu.

Sasa mafuta. Ngozi ya mtoto huyu hupoteza maji haraka na kupitisha vitu vinavyoiwasha, na kwa baadhi ya watoto chanzo ni kasoro ya kurithi kwenye protini ya ngozi. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache, bila dodoki wala sabuni kali au yenye manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha mpake mwili mzima kabla unyevu haujaisha. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanafaa sana. Mafuta ya zeituni yaache jikoni, yanadhoofisha ngozi hii zaidi. Kiasi kinachopendekezwa ni gramu 250 hadi 500 kwa wiki; kopo la gramu 100 likikaa mwezi mzima, unapaka kidogo mno.

Pale palipochachamaa panahitaji krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, aliyoandika daktari. Wazazi wanaiogopa, halafu wanakwenda kununua dukani krimu ya mchanganyiko yenye steroidi kali kuliko ile waliyoikataa. Inasikitisha. Kamua mstari mmoja wa krimu kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada hadi kiungo cha kwanza. Unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka kwa siku ulizoelekezwa, mafuta yakiendelea kama kawaida. Na usisubiri wekundu: kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama rangi ya kijivu, zambarau au weusi uliozidi, pamoja na vipele vidogo vinavyokwaruza mkono. Madoa yanayobaki baadaye hufifia yenyewe kwa miezi, hayahitaji krimu ya kung'arisha.

Ngozi ikianza kutoa majimaji na magamba ya manjano, mlete mtoto tuangalie maambukizi. Zikitokea malengelenge au vidonda vidogo vya duara vilivyojaa pamoja, vinavyouma, na mtoto ana homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Huenda ni virusi vya malengelenge, vinavyosambaa haraka kwenye ngozi hii na vinaweza kufika jichoni.