Je, wajua jinsi manesi walivyosaidia tujue kipandauso hakiishii kichwani?

Ushawahi kumkuta nesi zamu ya usiku, mkono mmoja umeshika paji la uso, mwingine unaandika kwenye faili la mgonjwa, ukimsalimia anaitikia kwa shida? Watu tunasema huyu ana nyodo. Kumbe kichwa kinagonga upande mmoja, taa za wodi zinamchoma macho, harufu ya dawa ya kudekia inamtia kichefuchefu na bado masaa manne hajatoka. Hiko ndo kipandauso, na kikikushika vizuri kinaweza kukaa na wewe kuanzia masaa manne mpaka siku tatu.

Sasa baadhi ya mambo tunayojua kuhusu hiki kitu kwa wanawake yametoka kwa manesi wenyewe, tena wa Marekani. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Harvard, Frank Speizer, alianza kuwafuatilia manesi wa kike kama 121,700, na alichotaka kujua zaidi wakati ule ni vidonge vya majira vinamfanyia nini mwanamke akivitumia miaka mingi. Kwa nini manesi na sio walimu au mama wa nyumbani? Kwa sababu kazi yote ilikuwa ya dodoso zinazotumwa kwa posta, na nesi ukimuuliza presha yako ikoje au daktari alikuambia una ugonjwa gani anajua kabisa unachouliza, hakujibu "nilikuwa na homahoma tu". Yaani ni mgonjwa anayejua kuandika faili lake mwenyewe. Mwaka 1989 mwenzake Walter Willett akaanzisha kundi la pili la manesi wadogo zaidi, wa miaka 25 mpaka 42, zaidi ya 116,000, na hao ndo wa stori yetu.

Katika hao wakachukuliwa 115,541 ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo mwanzoni, na 17,531 kati yao, kama 15 kwa kila 100, walisema daktari kashawaambia wana kipandauso. Wakafuatiliwa zaidi ya miaka 20. Majibu yalitoka 2016 kwenye BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, na ndo yaliyoshtua watu: wenye kipandauso hatari yao ya kupata ugonjwa mkubwa wa moyo na mishipa ilikuwa juu kwa asilimia 50 kuliko wenzao, kiharusi asilimia 62, mshtuko wa moyo asilimia 39, na hapo walishaondoa mchango wa sigara, presha, unene na vidonge.

Usitupe simu kwanza. Asilimia 50 sio kwamba nusu yao waliugua! Kwenye kundi zima, wenye kipandauso na wasio nacho, waliopata hayo magonjwa miaka yote hiyo ni 1,329, yaani kama mmoja kwa kila 87. Kitu kidogo kikiongezeka nusu bado ni kidogo, ila vichwa vya habari huwa vinaruka hiyo sehemu makusudi.

Lakini kwa nini wanawake wanaumwa hivi, karibu mara tatu ya wanaume? Homoni ya estrojeni. Ikishuka ghafla siku chache kabla ya hedhi ubongo wenye kipandauso unakuwa kama baruti, neva inayohudumia uso na utando wa ubongo inamwaga kemikali inaitwa CGRP, mishipa inatanuka, maumivu yanaanza. Afu mchukue mtu wa hivyo umweke zamu za usiku, leo analala mchana kesho usiku, hajala tangu saa kumi, maji hajanywa maana hata chooni hana muda wa kwenda, na kubadilika kwa usingizi, njaa na kiu ndo vichokozi vyenyewe. Mi naona ni kama kazi imebuniwa kumchokoza.

Na dawa ziko karibu, hapo ndo mtego. Mtu anafunga kanga kichwani kwa nguvu, anameza mbili za maumivu anaendelea kuchoma sindano, kesho tena, keshokutwa tena, ikifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa zenyewe zinaanza kuleta kichwa. Anaongeza, kinaongezeka.

Manesi haohao walionyesha pia habari ya mimba: waliokuwa na kipandauso kabla ya kushika mimba walipata zaidi ile presha hatari inayotangulia kifafa cha mimba. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito ukiulizwa magonjwa ya nyuma usiseme "sina, kichwa tu". Kitaje.

Afu kuna wale ambao kabla ya kichwa wanaona vimulimuli, mistari ya zigizaga, nusu ya kitu inapotea machoni, dakika 5 mpaka saa nzima. Ni wimbi linatambaa kwenye ubongo taratibu, milimita kama tatu kwa dakika. Hawa ndo tunarudi kwenye swali la 1976, maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwenye vimulimuli asitumie kabisa vile vidonge vya majira vyenye estrojeni, umri wowote, kwa sababu ya kiharusi. Kwenye uzazi wa mpango kuna wanaopimwa presha na uzito tu, swali la vimulimuli haliulizwi, hata muulizwaji akiwa nesi. Kijiti, lupu na sindano isiyo na estrojeni vipo.