Kanuni za Hays hazikuwa sheria ya serikali

Mazungumzo yakigusa tu sinema za zamani za Marekani, sentensi ile ile hujitokeza: "Enzi hizo serikali ya Marekani ilipiga marufuku..." Kisha hufuata orodha: busu refu, mhalifu kushinda, padri kufanyiwa kichekesho, Mweusi kupendana na Mzungu. Nimeisoma magazetini, nimeisikia redioni, na hivi karibuni nimeikuta kwenye somo la wanafunzi wa filamu, watu ambao kesho ndio watakaowafundisha wengine. Mengi katika orodha hiyo ni kweli. Anayekosewa ni yule aliyepiga marufuku.

Kanuni za Hays ni masharti ya maadili ambayo kampuni kubwa za filamu za Marekani zilijiwekea zenyewe mwaka 1930, zikaanza kuyatekeleza kwa ukali mwaka 1934, na kuyaacha rasmi mwaka 1968. Will H. Hays alikuwa mwanasiasa, waziri wa posta wa Rais Harding, na huenda hilo ndilo linalowachanganya wengi. Lakini mwaka 1922 aliacha uwaziri akaajiriwa na wenye studio kuongoza chama chao, baada ya kashfa za waigizaji kuwatia hofu. Tangu hapo mshahara wake ulitoka Hollywood. Hata masharti yenyewe hakuyaandika yeye. Waliyaandika padri Mjesuiti wa St. Louis, Daniel Lord, na Martin Quigley, Mkatoliki aliyekuwa akichapisha jarida la biashara ya sinema.

Naelewa kosa hili linakotoka. Kwetu, filamu ikifungiwa, aliyefunga ni serikali. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, Kenya ina Sura ya 222 ya sheria zake, inayohusu filamu, na bodi za filamu za pande zote mbili ni vyombo vya umma. Bodi ya Kenya ilipoizuia filamu ya Rafiki mwaka 2018, mwongozaji wake alijua aende wapi: alikwenda Mahakama Kuu, na filamu ikaruhusiwa kuonyeshwa kwa siku saba. Kwa hiyo tukisikia filamu zilikatwa, akili inakimbilia bodi.

Bodi za namna hiyo zilikuwepo hata Marekani, na hapo ndipo mkanganyiko unapozidi. Chicago iliwapa polisi kazi ya kukagua filamu tangu 1907. Pennsylvania, Ohio, Kansas, Maryland, New York na Virginia yalikuwa na bodi za majimbo. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sinema ni biashara tu na hailindwi na uhuru wa kusema, na uamuzi huo ukasimama kwa miaka 37. Huko Memphis, mzee mmoja aitwaye Lloyd Binford aliongoza bodi ya jiji kwa miongo kadhaa, na mwaka 1947 aliizuia filamu ya vichekesho vya watoto, Curley, kwa sababu ilionyesha watoto weusi na weupe katika darasa moja. Huo ulikuwa udhibiti wa serikali kabisa, wenye ofisi na saini. Lakini hauhusiani na Kanuni za Hays, isipokuwa kwa jambo moja: studio ziliuogopa. Kila bodi ilikata kipande chake, filamu moja ikawa na sura hii Ohio na sura nyingine New York, na gharama zikawaangukia wenye filamu. Wakaona heri wakate wenyewe nyumbani kabla hawajakatiwa nje.

Kwa miaka minne ya mwanzo walikata kwa ulegevu. Kipindi cha 1930 hadi 1934 ndicho wapenzi wa sinema wanachokiita "kabla ya Kanuni", na jina hilo nalo linapotosha, maana Kanuni zilikuwepo na studio zilikwisha kuzikubali. Kilichokosekana ni mtu wa kuzishika. Mdororo wa uchumi ulikuwa umepunguza watazamaji, na filamu za wanawake wanaopanda ngazi kwa hila na majambazi wanaoishi vizuri zilijaza viti. Kilichobadilisha mambo mwaka 1934 hakikutoka Washington. Kanisa Katoliki liliwasainisha mamilioni ya waumini ahadi ya kutotazama filamu zilizoonwa kuwa chafu, na Kardinali Dougherty wa Philadelphia akaenda mbali zaidi: akawaagiza waumini wake wasikanyage jumba la sinema lolote. Wenye studio walihesabu tiketi, wakasalimu amri. Joseph Breen, Mkatoliki na mwandishi wa habari wa zamani, akapewa ofisi, wafanyakazi, na uwezo wa kutoa au kunyima cheti.

Nguvu ya cheti hicho haikuwa gerezani. Ilikuwa mlangoni mwa jumba la sinema. Studio tano kubwa, yaani Paramount, MGM kupitia kampuni yake mama Loew's, Warner Bros., Fox na RKO, hazikutengeneza filamu tu. Zilimiliki pia majumba mazuri ya katikati ya miji, yale yaliyoingiza pesa nyingi. Mwanachama aliyesambaza filamu bila cheti alitakiwa kulipa faini ya dola 25,000 kwa chama, na juu ya hapo filamu yake ingekosa pa kuonyeshwa. Hakukuwa na askari wala hakimu, na aliyeumizwa alikata rufaa kwa wakuu wa chama hicho hicho.

Kazi yenyewe ilifanyika kwa barua. Studio ilipeleka mswada kabla ya kupiga picha, na ofisi ya Breen ikajibu ukurasa kwa ukurasa: sentensi hii itoke, nguo hii iwe ndefu. Mwaka 1942, filamu ya Casablanca ikiandaliwa, barua moja iligusa tukio la Ilsa kumfuata Rick, mpenzi wake wa zamani, chumbani kwake usiku. Ilsa ana mume. Ofisi ilishauri picha isizimike gizani mwishoni mwa tukio, bali iyeyukie kwenye picha inayofuata ili isionekane muda mrefu umepita, na tukio linalofuata lipigwe bila dalili yoyote ya kitanda wala kochi. Fikiria mtu anayelipwa kuhesabu makochi. Watazamaji wa Marekani walizoea lugha hiyo ya picha kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengi wao hawakujua kwamba kulikuwa na barua.

Kochi si jambo la kufa na kupona. Sharti lililoniuma mimi ni lile lililokataza mapenzi kati ya weupe na weusi. Hapa ndipo kusema "serikali ilipiga marufuku" kunapofanya madhara ya kweli. Miaka hiyo majimbo kama 30 kati ya 48 yalikuwa na sheria za kuzuia ndoa za namna hiyo. New York haikuwa nayo. Illinois haikuwa nayo. Mwanamume Mweusi na mwanamke Mzungu waliweza kufunga ndoa kihalali New York asubuhi, na jioni wakaingia katika jumba la sinema la jiji lile lile ambamo watu kama wao hawakuruhusiwa kuwepo kwenye skrini. Kwa kulinda soko la Kusini, wafanyabiashara waliichukua sheria ya majimbo ya Kusini wakaisambaza nchi nzima bila bunge lolote kupiga kura.

Sharti lilitaja weupe na weusi, lakini kivuli chake kilifika mbali. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles na nyota mkubwa wa asili ya Kichina, aliitaka sana nafasi ya mke wa mkulima Mchina katika The Good Earth ya mwaka 1937. Mume alikuwa anaigizwa na Paul Muni, Mzungu aliyepakwa vipodozi. Nafasi ya mke ikaenda kwa Luise Rainer, Mzungu pia, ambaye aliichukulia tuzo ya Oscar. Wong angemshtaki nani? Mfanyabiashara Joseph Burstyn, alipozuiwa na New York kuonyesha filamu ya Kiitalia, aliishtaki serikali ya jimbo na mwaka 1952 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, ikaufuta uamuzi wa 1915. Richard na Mildred Loving waliishtaki Virginia kwa ajili ya ndoa yao ya Mzungu na Mweusi, wakashinda mwaka 1967. Dhidi ya serikali palikuwa na mlango, hata kama ulifunguka kwa kuchelewa. Dhidi ya makubaliano ya wenye mali hapakuwa na mlango.

Ndiyo maana hata kufa kwa Kanuni hizo kulikuwa kwa kibiashara. Mwaka 1948 mahakama ilianza kuzilazimisha studio kuachana na majumba ya sinema, kwa sababu za ushindani na si za maadili, na cheti kikapoteza meno. Mwaka 1953 mwongozaji Otto Preminger alitoa filamu ya The Moon Is Blue bila cheti, na watu wakaenda kuitazama. Sharti la weupe na weusi likaondolewa mwaka 1956, na Novemba 1968 masharti yote yakapisha mfumo wa kupanga filamu kwa umri wa mtazamaji. Mfumo huo nao ni wa chama cha wenye studio, na nao husingiziwa serikali kila siku.

Wakati tunasahihisha, mambo mawili madogo. Kanuni hazikutaja popote kwamba wanandoa walale vitanda viwili. Zilisema tu vyumba vya kulala vionyeshwe kwa staha, na vitanda viwili vikawa njia ya studio ya kujihami. Na ile hadithi kwamba Gone with the Wind ilitozwa faini kwa neno la laana "damn" katika kauli ya mwisho ya mhusika Rhett Butler si kweli: Kanuni zilirekebishwa Novemba 1939, wiki chache kabla ya uzinduzi, na neno likapita.

Basi ndugu mwandishi, mwalimu, mtangazaji: ukizungumzia Kanuni za Hays, sema studio zilikubaliana, na kwa makali yake taja 1934. Ukitaka kuilaumu serikali, hukosi pa kuanzia. Anza na Memphis.