Roboti ndani ya seli: nani anaisukuma?

Habari ya "roboti za kutibu kutoka ndani ya seli" haipiti kwenye simu bila picha yake: kidude cha chuma chenye miguu minane na taa usoni, kimekumbatia chembe ya damu. Basi wiki nzima naulizwa barazani hapa Kibokoni, Mombasa. Maalim, hizo roboti zina betri? Zina chipu? Zinapeleka wapi habari zetu?

Hazina betri wala chipu. Kazi yangu ni kukuza seli maabara na kufundisha vijana kuzitazama kwa hadubini, na jibu langu ni fupi: hakuna pa kuviweka. Seli nyingi za mwili zina upana wa mikromita 10 hadi 20, yaani ndani ya milimita moja unapanga seli hamsini au hata mia. Kitakachoingia humo na kupata nafasi ya kutembea hakina mfuko wa kubebea betri.

Jaribio ninalopenda kulieleza ni la mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Tom Mallouk na wenzake waliendesha vijiti vya dhahabu na metali iitwayo rutheni, urefu wake mikromita chache tu, ndani ya seli hai za binadamu. Injini za namna hiyo zilizotangulia zilitaka mafuta ya kemikali kama haidrojeni peroksaidi, sumu ambayo seli haiishi nayo. Hawa walitumia altrasaundi, mawimbi ya jamii ile ile yanayotumika kumtazama mtoto tumboni. Walichanganya vijiti na seli za HeLa, wakaziacha zaidi ya siku nzima hadi zikavimeza zenyewe. (Seli hizo zilitoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1951, na zilichukuliwa bila ridhaa yake. Mwanafunzi wangu hagusi kisahani cha HeLa kabla hajalijua jina hilo.) Nguvu ya mawimbi ikiwa ndogo, vijiti havikufanya la maana. Walipoiongeza, vikaamka: vingine vikazunguka, vingine vikaenda mbele vikigonga vilivyomo na kuusukuma utando wa seli kutoka ndani, kila kimoja na njia yake. Ukizidisha, kijiti kinaweza kuvuruga tumbo zima la seli. Kwa seli ya saratani, hilo si jambo baya.

Kwani kijiti hakiwezi kuogelea chenyewe? Hapo fizikia inakataa. Mwaka 1977 mwanafizikia Edward Purcell aliieleza vizuri. Mtumbwi, ukiacha kupiga kafi, bado unateleza mbele kidogo. Bakteria akiacha kujisukuma husimama kabla hajapita hata upana wa atomu moja. Kwa kiumbe wa kimo hicho maji ni mazito mno, na kasi aliyokuwa nayo haimsaidii chochote. Hata kombe anayesogea kwa kufungua na kufunga magamba yake, ukimpunguza afikie kimo cha bakteria, hafiki popote: anachokipata akifunga anakipoteza akifungua. Bakteria wengi walishalitatua kwa mkia unaozunguka kama parafujo. Sisi bado tunasukuma kutoka nje, kwa sauti, kwa sumaku au kwa mwanga. Mwanga nao una mambo yake. Mwaka 2017 kundi la James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice na washirika wao walitoboa utando wa seli kwa molekuli zinazozunguka mara milioni 2 hadi 3 kwa sekunde, zikichochewa na mwanga wa urujuanimno. Ni kazi safi, ila mwanga huo haupenyi mbali mwilini, na wenyewe unadhuru seli.

Kinachonisumbua zaidi ni mlango. HeLa ni mlafi, humeza anacholetewa. Chembe nyekundu ya damu haimezi kitu, na magonjwa yetu makubwa ya Pwani, malaria na selimundu, yote mawili yamekaa humo. Kimelea cha malaria kinaingia bila kumezwa. Hujishikiza kwenye utando, hujigeuza mpaka ncha yake ielekee ndani, kisha injini yake ya protini hukisukuma kikapenya, yote ndani ya dakika moja. Kwenye slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa nakiona kimeshatulia: pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu, ndani ya chembe ya waridi. Hakuna maabara iliyowahi kutengeneza roboti yenye ustadi huo.

Wazazi wenye watoto wa selimundu huniuliza kama roboti itawafikia. Kilicho karibu zaidi si chuma, ni protini iitwayo Cas9, mkasi wa jeni. Ndio unaotumika katika tiba ya selimundu iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo. Kwa kuwa chembe nyekundu haina kiini, mahali jeni zinapokaa, mkasi hupelekwa kwa seli shina zinazozizaa. Seli hizo hutolewa mwilini, utando wake hufunguliwa kwa umeme, mkasi unaingia na kukata mahali maalumu ili himoglobini ya mtoto aliye tumboni ianze tena kutengenezwa. Mgonjwa hupewa kemo kali ya kufyeka uboho wa zamani, ndipo seli zake hurudishwa kwa dripu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo mzazi wa Changamwe au Kisauni anayenipigia leo namwambia akaulizie dawa ya hidroksiurea kliniki, na kama mtoto yuko kwenye penisilini ya kumkinga na maambukizi, asiikatize mpaka daktari aseme.