Jueju sio mistari minne tu: tunayoyakosea kuhusu shairi fupi la Kichina

Kila nikiona mtu kaandika mistari minne ya Kichina, herufi tano tano, halafu kapost kwamba hii ni jueju yake, natamani nikae naye dakika kumi tu, maana najua kuna utamu unampita. Na mimi nilianza hivohivo, daftari la miraba mapajani, nahesabu herufi, zikifika ishirini nafunga daftari nalala nikijua nimetunga.

Hiyo ndo dhana kubwa kuliko zote, kwamba jueju ni kuhesabu. Kuhesabu kupo, sawa. Mistari minne, kila mstari herufi 5 (jumla 20, wanaita wujue) au herufi 7 (jumla 28, qijue), na kila herufi ni silabi moja, kwa hiyo kwa mtu aliyezoea mizani hapo hakuna ugeni. Vina vinakaa mwisho wa mstari wa pili na wa nne, wa kwanza ukipenda nao unaingia, wa tatu unaachwa nje. Wengi wanaishia hapo. Ila jueju iliyokomaa enzi ya Tang (618–907) inadai kitu ambacho shairi letu halina kabisa, nacho ni toni. Kiswahili hakina toni, anayejua Kilingala au Kikikuyu atanielewa haraka, sauti ikipanda au ikishuka neno linakuwa lingine. Wachina waligawa toni zao mafungu mawili, ping (zilizotulia) na ze (zilizopinda), wakawa wanazipitisha ndani ya mstari kama mtu anavyosuka mkeka, huu juu huu chini.

Chukua shairi la Mnara wa Korongo (yule ndege), linalohesabiwa kuwa la Wang Zhihuan, mshairi wa Tang, karibu kila mtoto wa Kichina analijua kwa moyo:

Bai ri yi shan jin,
Huang He ru hai liu.
Yu qiong qian li mu,
geng shang yi ceng lou.

Yaani: jua jeupe linazama likiegemea milima, Mto Manjano unaingia baharini, ukitaka jicho lako lifike li elfu moja (li ni kipimo cha umbali cha Kichina), panda tena ghorofa moja. Sasa tazama silabi ya pili ya kila mstari: ri, he, qiong, shang. Ni ze, ping, ping, ze. Mstari wa kwanza na wa pili zinapingana, wa pili na wa tatu zinagandana, wa tatu na wa nne zinapingana tena. Huko kugandana kwa katikati wanaita nian, na kazi yake ni kuzuia shairi lisiwe mistari miwili iliyorudiwa mara mbili. Na ndani ya kila mstari silabi ya pili na ya nne nazo lazima zipingane. Ukishalijua hilo, ule mnara unausikia ukipandwa.

Hapohapo ndo inaingia dhana ya pili, nayo imewapoteza hata watu wanaoongea Kichina vizuri kabisa: kwamba unaweza kukagua sheria hizi kwa Kimandarini cha leo, toni 1 na 2 ni ping, toni 3 na 4 ni ze, kazi imeisha. Hapana. Kichina cha enzi ya Tang kilikuwa na toni nyingine, ru, silabi fupi iliyofungwa ghafla kwa p, t au k, na yenyewe ilihesabiwa ze. Kimandarini kimeipoteza, na maneno yake yametawanyika kwenye toni zote nne. Rudi kwenye lile shairi la mnara: "yi", moja, leo ni toni ya kwanza, kwa hiyo ukikagua kwa masikio ya leo mstari wa mwisho unaishia na ping tatu mfululizo, yi ceng lou, na hilo ni kosa linalojulikana kwa jina. Utasema Wang Zhihuan kakosea. Kumbe "yi" ilikuwa ru, mstari uko safi kabisa, aliyebadilika ni lugha.

Ukitaka kuisikia hiyo ru, usiitafute Beijing, nenda Kikanton, Kichina cha kusini, au hata Kivietinamu, kilichoazima maneno hayo kutoka Kichina. Kuna jueju ya Liu Zongyuan (773–819), aliyoiandika akiwa amefukuzwa mbali na mji mkuu: milima elfu, ndege wametoweka, njia elfu kumi, nyayo za watu zimefutika, mtumbwi mmoja, mzee wa koti la nyasi na kofia ya mianzi, peke yake anavua kwenye theluji ya mto wa baridi. Maneno ya vina kwa Kimandarini ni jue, mie, xue, yanateleza tu laini. Kwa Kikanton ni zyut, mit, syut. Kwa Kivietinamu ni tuyệt, diệt, tuyết. Kila mstari wa kina unafungwa t, kama mlango unaofungwa nje ni baridi. Na hebu chukua herufi ya kwanza ya kila mstari, zisome kushuka chini: qian, wan, gu, du, yaani elfu, elfu kumi, ukiwa, upweke. Mimi siku nilipoonyeshwa hiyo sikulala mapema.

Vina navyo vina mtego wake, watu wanaona mashairi ya Tang wanasema mbona hapa kina kimevunjika. Du Mu (803–852) ana qijue ya mlima wa vuli ambayo vina vyake ni xie, jia, hua, na xie ya leo haiendani na wenzake hata ukiivuta. Zamani iliendana, ndo maana kuna walimu waliokuwa wanawafundisha watoto waisome "xia" wakifika hapo.

Halafu kuna wanaodhani wakubwa wote walifuata sheria hizi. Lile shairi la Li Bai (701–762) la mbalamwezi mbele ya kitanda, ambalo ndo linatolewa mfano wa jueju kila mahali, halimo kwenye hizo sheria! Mstari wa pili, yi shi di shang shuang, silabi ya pili na ya nne zote ni ze, na "tou", kichwa, imekaa silabi ya pili ya mstari wa tatu na wa nne pia, mahali palipotakiwa kupingana. Ni gujue, jueju ya mtindo wa kale iliyo huru na toni, na ni halali kabisa. Ila usiitumie kujifunzia sheria utapotea. Shairi la Chunxiao la Meng Haoran, mshairi mwingine wa Tang, vilevile, vina vyake ni ze, wakati jueju ya sheria inataka vina vya ping.

Kwamba mistari lazima ilingane neno kwa neno, hilo limetoka kwa lüshi, shairi la mistari minane, ambako jozi mbili za katikati zinadaiwa ulinganifu. Kwenye jueju ni hiari yako. Na kwa kuwa jue maana yake ni kukata, watu husema jueju ni lüshi iliyokatwa nusu, lakini jina hilo liko tayari kwenye mkusanyiko wa mashairi wa Xu Ling (507–583), kabla lüshi haijatulia karne ya 7.

La mwisho linatuhusu sisi zaidi, watu wa vibwagizo. Tumezoea uzito uwe kwenye kiishio, mstari ambao wasikilizaji wanaupokea. Kwenye jueju anayebeba ni wa tatu, ule ambao hauna kina. Wa kwanza unafungua, wa pili unaendeleza, wa tatu unageuza, wa nne unapokea kile kilichogeuzwa. Yang Zai, mshairi wa enzi ya Yuan, karne kadhaa baada ya Tang, aliliandika hilo wazi, kwamba ufundi wote wa kugeuza uko mstari wa tatu. Tazama jueju ya Jia Dao, mshairi wa Tang: kaenda mlimani kumtafuta mtawa, hakumkuta. Chini ya msonobari namuuliza mtoto. Anasema mwalimu kaenda kuchuma dawa. Yumo humuhumu mlimani, hapo moyo unainuka kabisa, unaona unamfuata sasa hivi. Ila mawingu mazito, sijui ni wapi.