Programu ya kusomea Usenet haichaguliwi kwa kasi ya kupakua

"Ipi inapakua haraka zaidi?" Swali kuhusu programu za Usenet, yaani mtandao wa vikundi vya mijadala unaopitia seva za habari, limeulizwa tena, na jibu ni lile lile: chukua SABnzbd, weka miunganisho 50 kwa seva, umemaliza. Muulizaji alikuwa anataka kufuatilia mijadala ya comp.lang.c, kikundi cha lugha ya programu ya C! SABnzbd haina hata mahali pa kusomea ujumbe. Kazi yake ni kupokea faili la NZB, yaani orodha ya Message-ID (vitambulisho vya kipekee vya jumbe), kuvuta vipande vyote, kuvikarabati kwa mafaili ya par2 vikipungua, na kufungua RAR, faili lililobanwa. Kama hiyo ndiyo kazi yako, ichukue, usihangaike zaidi. Miunganisho ongeza kidogo kidogo hadi kasi ikome kupanda. Ukizidisha kikomo cha akaunti yako, seva inakukatalia.

Anayesoma maandishi shida yake ni nyingine kabisa. Ujumbe mmoja ni kilobaiti chache tu, na muunganisho mmoja uliosimbwa (TLS) kwenye mlango wa 563 unamtosha. Kinachomchosha ni wingi wa asiyoyataka. Kwa hiyo aangalie mawili: programu inavyounga nyuzi (ujumbe na majibu yake), na inavyomruhusu kutoa alama, yaani pointi zinazopandisha au kushusha ujumbe kwenye orodha.

Nyuzi nitazipitia haraka. Kila jibu linabeba kichwa cha References, chenye Message-ID za jumbe zilizolitangulia. Ya mwisho ndiyo inayojibiwa. Programu inayofuata References hujenga mti sahihi. Inayotazama Subject (kichwa cha mada) peke yake itachanganya nyuzi mbili zisizojuana kwa sababu tu zote zinaitwa "Msaada". Ijaribu kwenye uzi uliobadilishwa jina katikati: mti ukikatika pale pale, tafuta nyingine.

Alama ndizo zinazonikera, maana watu wanasisitiza kwamba kutoa alama na kuzuia ni kitu kimoja. Sivyo. Ukimzuia mtu, ujumbe wake unatoweka, na majibu mazuri aliyopewa yanabaki yakielea bila kitu yanachokijibu. Ukimpunguzia alama anashuka chini, lakini bado yupo. Na alama hujumlishwa: mtu msumbufu akiingia kwenye uzi unaoupenda, uzi unaweza kumbeba. Katika slrn, programu ya kusomea ya terminali, inaandikwa hivi:

[comp.lang.c]
Score: -200
From: mpiga-kelele@

Score:: 300
Subject: malloc
Subject: realloc

Tazama nukta pacha. Score: yenye jozi moja inadai masharti yote yatimie, Score:: yenye jozi mbili inaridhika na sharti lolote. Ukiandika jozi moja kwenye kanuni hiyo ya pili, ujumbe unaotaja malloc pekee haupati kitu, kisha unailaumu programu. Ukitaka ujumbe upotee kabisa, upe -9999.

Jingine linalofichika: kanuni za From, Subject na References hazina gharama, kwa sababu seva inavituma vichwa hivyo vyote kwa mkupuo kupitia OVER, amri ya kuomba muhtasari wa jumbe. Ukiweka sharti juu ya kichwa kisichomo humo, Organization kwa mfano, slrn inalazimika kukiomba kando. Kikundi chenye jumbe 10,000 kitakuweka ukisubiri, na hapo hata miunganisho 50 haihusiki.

Gnus, programu ya kusomea iliyo ndani ya Emacs, inaweza kujifunza alama yenyewe kwa kutazama unachosoma. Nina mashaka na njia hiyo: mara nyingi ujumbe unafunguliwa ili kuona umekosea wapi, nayo inahesabu kwamba umeupenda. Na kwa vikundi vyenye jumbe kumi kwa siku sioni haja ya alama hata kidogo. Thunderbird, pamoja na kitufe chake cha K cha kupuuza uzi, inatosha. Anayetaka programu ya dirisha yenye alama, na kupakua mara moja moja, achukue Pan. Faili lake la alama lina muundo ule ule wa slrn.

Ukihama seva, faili la alama nenda nalo. Faili la .newsrc, linaloweka kumbukumbu ya ulichosoma, usilinakili. Mstari kama "comp.lang.c: 1-45210" ni namba za seva ile ya zamani, na kila seva inahesabu kivyake. Ukilihamisha, jumbe mpya zitaonekana zimesomwa, au za miaka zitarudi kama mpya. Jiunge upya na vikundi, weka alama ya kusomwa kwenye vyote, ukibakiza jumbe 100 za mwisho.