Sumaku isiponasa, si lazima iwe alumini

Kuna ujumbe unaozungushwa sana kwenye makundi ya simu: kipande cha vyuma chakavu kisichonaswa na sumaku ni alumini, kiyeyushe usubu sufuria. Si kweli. Sumaku hainasi shaba, zinki, risasi, magnesi (metali nyepesi kuliko alumini), wala aina nyingi za stenlesi (chuma kisichoshika kutu). Watu huchanganyikiwa kwa sababu sumaku kweli hutenga chuma cha kawaida. Kinachobaki ndicho haikitambui.

Ili kukitambua kipande, pima uzito wake kwa gramu. Kisha weka chombo chenye maji juu ya mizani, isome sifuri, uning'inize kipande kwa uzi kizame bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kwanza kwa gramu zilizoongezeka. Alumini hutoa karibu 2.7, magnesi 1.7, zinki 7.1, risasi 11.3. Magnesi ikishika moto, maji huuchochea zaidi, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Kipimo hiki hakionyeshi risasi kidogo iliyochanganyika, nayo ni sumu, kwa hiyo chakavu usichokijua asili yake usikisubie chombo cha kupikia. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.